Yokukansan na msongo wa mawazo: chumvi imezidi
Eti makala inasema yokukansan, dawa ya asili ya Wajapani, "imethibitishwa" kuondoa msongo wa mawazo kwa yeyote? Hapo mwandishi katia chumvi. Kwanza si mmea mmoja, ni mchanganyiko wa dawa saba za asili, na ulianzia China kwa ajili ya watoto wanaolia usiku. Huko Japani umepimwa zaidi kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, wale wanaofoka na kurusha mikono, na majibu yanagongana: jaribio dogo la 2005 lilionyesha nafuu, lile kubwa zaidi la 2017, lililolinganisha na dawa bandia isiyo na kitu ndani, halikuona tofauti ya maana. Mimi nilipewa nikisoma Osaka, usingizi ulipopaa kabla ya mitihani. Chembechembe za kahawia kwenye kipakiti, unashushia maji ya vuguvugu kabla ya kula, ladha kama mizizi iliyochemshwa na udongo wake. Nililala, ndiyo, ila wiki hiyo hiyo mitihani nayo iliisha! Tena ndani mna urukususu, ule mzizi mtamu (licorice), ambao ukizidi hushusha madini ya potasiamu mwilini na kupandisha presha. Daktari alinipima presha kwanza, makala haikuligusa hilo kabisa. Nyie mnaoagiza mtandaoni, kuna muuzaji aliyewahi kuwauliza habari za presha?