Kwetu Mwaliko, Nairobi Tiketi

Huu ni mwezi wangu wa nne niko Nairobi kimasomo, na bado kila bei naigeuza kichwani kuwa shilingi za Tanzania. Ijumaa iliyopita niligeuza mpaka nikachoka. Elfu moja ya hapa ni karibu elfu ishirini zetu, na hiyo elfu moja nilikuwa naitoa nikatazame mchezo wa kuigiza. Tanga ningekula pweza wiki nzima!

Mimi na wenzangu tulianzia juu ya KICC, lile jengo la mikutano la ghorofa 28 la mwaka 1973, tukafika paani kabla jua halijazama. Baridi ya Julai si mchezo. Mtoto wa pwani nilivaa sweta mbili na meno bado yakagongana. Upande wa kusini unaona pale nyumba zinapokoma na hifadhi ya wanyama inapoanza. Dar kuna maghorofa marefu kuliko hilo, ila sijawahi kukaribishwa juu ya hata moja.

Chakula tulikula River Road. Nikamwambia mhudumu, "Samahani dada, naomba chapati mbili na maharage." Wenzangu wakaangua kicheko. "Unaomba, kwani hulipi?" Mmoja akanionyesha inavyofanywa: "Leta chapo mbili, madondo!" Zake zilitangulia zangu, sitaficha.

Kenya National Theatre iko mkabala na hoteli ya Norfolk, barabara ya Harry Thuku. Jirani na hapo, mwaka 1922, watu waliokuja kudai Thuku, mwanasiasa aliyekamatwa na wakoloni, aachiwe walimiminiwa risasi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa 1952. Mlangoni foleni: makarani, wanafunzi, mama mmoja na mabinti zake watatu waliosukwa nywele kama wanakwenda harusini. Wote wamelipa. Hapo ndipo wivu uliponishika. Sisi chuo cha sanaa Bagamoyo tunacho tangu 1981, waigizaji tunao, lakini nimefika umri huu sijawahi kununua tiketi ya mchezo. Kwetu ngoma na maigizo ni vya mwaliko: mgeni rasmi anasubiriwa, wasanii wanachezeshwa juani, kisha wanapewa soda. Nani atamkosoa msanii aliyemlipa soda? Aliyetoa elfu moja anakosoa, na bwana wa nyuma yangu alikosoa kwa sauti kabisa, mchezo haujafika nusu.

Ila kucheka, kwetu tunacheka pamoja. Humu kicheko kilikuja kwa mafungu. Mzee jukwaani anatupa neno la Kikuyu, nusu ya ukumbi hoi. Kijana anamjibu kwa Sheng, inaanguka nusu nyingine. Mimi nilikuwa fungu la tatu, la waliosubiri kutafsiriwa.

Pazia lilipofungwa hakuna aliyebaki kuuzungumza mchezo. Tanga tungekaa barazani na kahawa chungu na kashata, tukaugombania upya mpaka usingizi utushinde. Hapa ni mbio stejini kabla nauli haijapanda, nayo tuliikuta imeshapanda. Makanga wa matatu ya kwenda mtaa wa Kahawa alikuwa ananing'inia mlangoni akipiga kelele, "Soo! Soo!" Kwetu soo ni kashfa. Nikarudi nyuma hatua moja nitazame nani kafumaniwa, wenzangu wakanivuta shati: ni shilingi mia.