Pilipili Asiyoila Mama Mkwe

Sisi wa Morogoro tuna panya wa kujivunia. Magawa, panya buku aliyefundishwa hapa kwetu kunusa mabomu ya ardhini, alivishwa medali ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Wa kwangu hawakufika shule.

Kosa nililianza mwenyewe. Nilibeba gunia la karanga kutoka Dodoma, likatobokea siti ya nyuma. Nikaokota za juu juu, za uvunguni nikamwachia Mungu. Halafu mafuta yakapanda bei, kigari kikalala wiki sita chini ya mwembe, ubavuni mwa banda la kuku.

Siku ya kuwasha, kimya. Fundi akafungua boksi la ekilina, lile chujio la hewa ya injini: maganda ya karanga, sponji ya siti, na kipande cha ile kanga ya mke wangu tuliyomsingizia dada wa kazi. Waya mbili zimekatwa kama kwa mkasi. Nikauliza, hivi waya zina utamu gani?

"Wanasaga meno, bosi. Meno yao hayaachi kukua. Na kuziba usihangaike, tundu la kupita penseli kwao ni geti."

Jirani akasema dawa yao pilipili kichaa ya unga. Mwenye akili angenunua kijiko, mimi nikanunua nusu kilo. Nikanyunyiza kwenye injini, nikanyunyiza chini ya siti, na iliyobaki nikaimimina kwenye vile vitundu vya chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Nilijua nawafungia mlango. Kumbe ndipo feni inapovutia hewa.

Jumapili nikampitia mama mkwe twende kanisani. Kitenge kipya, kilemba kama taji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Joto hili, gari lako halina feni?"

Nami kwa kutaka sifa, nikaipeleka mpaka namba nne.

Kwanza vikatoka vipande vya sponji, vinaelea taratibu kama maua ya harusi. Mama akacheka. Kisha ikaja pilipili.

Sijawahi kuona mtu anapiga chafya, anakohoa na kukemea pepo kwa pumzi moja. Mimi macho yamefumba, gari linakwenda kwa imani, hadi lilipojiegesha lenyewe mtaroni. Mama akatoka kilemba kikiwa shingoni, analia. Vijana wa bodaboda wakavua kofia na kumpa pole, wakidhani tumefiwa. Katika vurugu hiyo panya mmoja akapita juu ya dashibodi bila haraka, akasimama, akatutazama. Hata chafya moja hakupiga.

Jumapili iliyofuata nilimpitia tena, gari nimelisugua siku mbili. Alitoka amevaa barakoa. Mkono mmoja Biblia, mwingine kikapu, na kikapu kinalia nyau.