Fanicha za Lisbon na Makasha ya Kwetu Pwani

Watu wa pwani ninaokutana nao hapa Lisbon, wakiulizwa ni kitu gani kimewavutia zaidi katika mji huu, wengi hutaja mto Tagus, dagaa wa kuchomwa mitaani mwezi wa Juni, au vichochoro vinavyopanda vilima. Jibu langu mimi ni karakana. Naishi katika nchi ambayo kiti cha miaka 300 kikivunjika mguu, yupo mtu aliyefundishwa kukirudishia mguu huo kwa mbao ya jinsi ileile na kwa kiungo kilekile alichokitumia seremala wa kwanza, na mtu huyo huheshimiwa na kulipwa kwa kazi yake. Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, ambako kiti cha namna hiyo kikivunjika hupandishwa darini, kikakaa huko miaka, mpaka siku dalali apite kuuliza kama nyumbani kuna vitu vya zamani.

Karakana ninazozisema ziko Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, kwenye uwanja wa Portas do Sol, pale tramu namba 28 inapopita. Mwaka 1947 Ricardo do Espírito Santo Silva, mwenye benki aliyependa sana kukusanya vitu vya kale, alinunua kasri la Azurara, jengo la karne ya 17, akaliweka kama nyumba ya Wareno wenye mali wa zamani ilivyokuwa, pamoja na fanicha zake, vyombo vya fedha, kauri, mazulia na vitambaa. Mwaka 1953 aliikabidhi nyumba hiyo na vilivyomo kwa taifa, na ukaanzishwa wakfu unaobeba jina lake hadi leo. Matajiri waliokusanya vitu vya thamani kisha wakaviachia nchi yao ni wengi duniani, na jambo hilo peke yake lisingenifanya niandike. Alilowazidi wenzake ni kwamba ubavuni mwa makumbusho aliweka karakana za ufundi wa jadi, zikafikia 18: useremala wa fanicha, uchongaji, upakaji wa dhahabu juu ya mbao, kazi ya shaba, kujalidi vitabu, ushonaji wa mazulia ya Arraiolos na nyinginezo. Kwa hiyo anayeingia pale kutazama meza ya karne ya 18 yuko katika jengo moja na watu wanaojua meza ile ilivyoungwa, na wanaoweza kuunda nyingine.

Nitaeleza kifaa kimoja kwa ukaribu, kwa kuwa sifa za jumla hazimsaidii msomaji. Wareno hukiita contador, nalo ni kabati la droo nyingi ndogo linalokaa juu ya stendi yake. Makabati haya yanaonekana katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, yaliyofunguliwa mwaka 1884 kwenye mtaa wa Janelas Verdes, na pia katika maduka ya vitu vya kale ya mtaa wa São Bento, kwa mwenye mfuko wa kutosha. Yale yaliyotengenezwa Goa, koloni la Wareno katika pwani ya India, katika karne ya 17 mwili wake ni msaji, na juu ya msaji fundi amepachika vipande vyembamba vya mpingo vilivyokatwa kwa mviringo, duara likiingia ndani ya duara, na penye makutano akagongea vijiti vya pembe ya ndovu visivyozidi punje ya mtama. Bamba za vitasa ni shaba iliyotobolewa nakshi na kupakwa dhahabu. Miguu ya stendi mara nyingi imechongwa kwa sura ya wanawake wenye mikia ya nyoka au ya samaki, viumbe wa hadithi za Kihindi waliopewa kazi ya kubeba mali ya Mreno Mkatoliki. Ukizihesabu droo kwa macho utapata idadi isiyo ya kweli, kwa sababu fundi ameugawa uso wa droo moja kubwa ukaonekana kama droo mbili au tatu, ili mistari ya nakshi ilingane pande zote.

Wakusanyaji huziita kazi hizi za Kihindi na Kireno kwa pamoja, na sina ugomvi na jina hilo, maana mnunuzi na umbo vilitoka Ulaya, nayo mikono, mbao na macho ya nakshi yalikuwa ya India. Linalonikera ni kwamba sehemu ya tatu haitajwi. Pembe iliyokuwa ikichongwa Goa na Gujarat kwa sehemu kubwa ilivushwa kutoka Afrika Mashariki, kwa sababu pembe ya ndovu wetu ni kubwa na laini kwa mchongaji, na ilipakiwa katika bandari ambazo majina yake tunayajua tangu utotoni. Ninapozungumza na wauzaji hapa Lisbon kuhusu jambo hili, hunisikiliza kwa adabu, kisha hurejea kwenye habari za Goa.

Mtu wa Lamu au Pate akisimama mbele ya kabati la aina hiyo hawezi kujiona mgeni kabisa. Kiti cha enzi cha kwetu, kile kilichowekwa katika nyumba za waungwana ili mgeni mwenye cheo akikalie, kina mgongo mrefu ulionyooka, mikono mipana, mahali pa kuwekea miguu, mbao nyeusi iliyotiwa njumu, yaani vipande vya pembe vilivyopachikwa ndani yake, na paneli za nyuzi zilizosukwa mgongoni na kwenye kikalio. Wataalamu wamebishana muda mrefu kuhusu asili yake: wako wanaoona mkono wa Ureno na Uhispania, wengine wanaitazama Misri ya Wamamluki, wengine India. Kwa maoni yangu bahari ile ilipitisha mambo yote hayo, na seremala wa pwani akachagua alichokitaka. Wareno walikaa Mombasa, wakianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kuondolewa mwaka 1698, na hata mabaki ya uhusiano huo bado yako majini na ngomeni. Meli Santo António de Tanná, iliyoundwa India na kuja kutoka Goa kuwanusuru Wareno waliozingirwa, ilizama chini ya kuta za ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia mwaka 1977, na vitu vyake mtoto wa shule wa Mombasa anaweza kuviona leo bila kuvuka bahari.

Sasa nije kwenye kasha la bibi yangu mzaa mama. Lilikuwa kasha la msaji lenye misumari ya shaba iliyopangwa kwa maua na nusu mwezi, bamba za shaba pembeni, droo tatu chini, na ndani, upande wa kushoto, kisanduku chenye kifuniko ambacho chini yake palikuwa na droo za siri. Bibi aliweka humo hati za nyumba, udi, na kanga ambazo hazijakatwa. Makasha ya aina hiyo mengi yaliletwa na majahazi kutoka India, mengine yakatengenezwa hukuhuku pwani, na la bibi sitajua tena lilitoka wapi, kwa sababu baada ya msiba shangazi zangu walikubaliana na dalali aliyelichukua kwa bei ya kitanda kipya na godoro. Siwalaumu. Nyumba ilikuwa na haja ya kitanda, na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba kasha lenye historia inayojulikana, yaani nani alilileta, katika arusi gani, kwa jahazi la nani, lina thamani kubwa kuliko kasha lilelile lisilo na maelezo.

Hapo ndipo tofauti ya nchi hizi mbili inaponiuma. Muuzaji mzuri wa Lisbon huanza na nyumba kifaa kilikotoka, urithi uliopitia, ukarabati uliofanywa na mwaka wake, na mteja hulipia maelezo hayo pamoja na mbao. Dalali wa kwetu hufaidika na ukimya. Kadiri familia inavyojua machache, ndivyo anavyonunua kwa bei ya chini, na kasha likishafika hotelini au katika jumba la mgeni ufukweni, habari zake zimekatika moja kwa moja.

Hata hivyo msomaji asidhani kwamba Ureno ni pepo ya vitu vya kale. Kila Jumanne na Jumamosi huwa na gulio la Feira da Ladra kwenye uwanja wa Santa Clara, nyuma ya kanisa la São Vicente de Fora, na humo bidhaa hutandazwa juu ya vitambaa chini: funguo, sanamu za watakatifu, visahani, picha za arusi za watu wasiojulikana. Kwa miaka mingi viliuzwa humo pia vigae vya azulejo kimoja kimoja, na ukikigeuza kigae ukaona chokaa bado imeganda nyuma yake, unajua kimebanduliwa ukutani. Wizi huo ulizidi hata makumbusho ya polisi wa upelelezi yakaanzisha mradi wa SOS Azulejo mwaka 2007, na mwaka 2017 sheria ikakataza nchi nzima kubomoa kuta za nje zenye vigae bila idhini. Tena zipo fanicha ambazo Wareno wenyewe wamezichoka. Vitanda vizito vya mbao nyekundu ya Brazili, vyenye nguzo zilizokerezwa na vichwa vilivyochongwa, havina nafasi katika fleti ndogo, na nyumba za wazee zikigeuzwa makazi ya watalii hutolewa nje usiku vikasubiri gari la taka. Nimesimama barabarani nikitazama kitanda cha namna hiyo kilichofungwa kamba, na sikuwa na mahali pa kukiweka.

Wakfu wa kasri la Azurara nao ulipata taabu. Benki ya familia ya Espírito Santo ilipoanguka mwaka 2014, mfadhili mkubwa alitoweka, na taasisi ikaingia katika shida ya fedha hata serikali na wengine wakalazimika kuingilia kati. Nalitaja jambo hili kwa sababu wako nyumbani wanaoamini kwamba tunachokosa ni tajiri mmoja tu wa kutujengea makumbusho.

Kwa upande mwingine, kwetu kuna uhai ambao hapa umekwisha. Katika makumbusho ya Lisbon kiti kimefungwa kamba ili mtu asikikalie. Lamu na Unguja milango bado inachongwa, kijana bado anakaa chini ya fundi akijifunza kushika patasi, na bi arusi bado anaweza kuwekwa juu ya samadari ambayo mama yake aliwekwa. Sheria nayo ipo: sheria ya makumbusho na turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inaulinda mlango uliochongwa kabla ya mwaka 1946, na hautakiwi kutolewa nchini bila kibali. Ni sheria nzuri. Lakini inauzuia mlango kuondoka tu. Haimlipi mtu wa kuutunza pale unapobaki, na mlango unaweza kuoza palepale ulipolindwa.

Ndugu zangu wa ughaibuni, wengi wetu tukipata uwezo tunatamani kununua kiti cha enzi na kukileta sebuleni kwetu Ulaya. Mimi napinga tamaa hiyo. Mbali na sheria ya nyumbani, Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2022 umebana sana biashara ya pembe, na hata kifaa cha kale kilichotengenezwa kabla ya Machi 1947 hakiuzwi bila cheti. Ninaona ni heri fedha hizo zilipe mishahara ya wanafunzi wa ufundi Mombasa, Lamu na Unguja. Watu wa pwani tunaijua njia ya wakfu kuliko Wareno. Visima, misikiti na mashamba ya minazi vimewekwa wakfu kwa karne nyingi, na sioni kwa nini karakana isiwekwe wakfu pia, ikawa na mapato yake ya kudumu yasiyotegemea benki ya mtu mmoja. Wala msaada wa Lisbon si jambo jipya: Ngome ya Yesu ilipoanza kuchimbuliwa na kukarabatiwa mwaka 1958, fedha zilitoka kwa Wakfu wa Calouste Gulbenkian wenye makao yake katika mji huu ninaoishi. Walilipia ukarabati wa ngome iliyojengwa na wahenga wao, na nadhani hawatashangaa wakiombwa kuchangia mafunzo kwa ajili ya fanicha zilizosafiri bahari ileile.

Ningekuwa na sauti katika karakana hiyo, ningeanza na wasukaji wa nyuzi kabla ya wachongaji. Wachongaji tunao. Katika kiti cha enzi paneli za nyuzi ndizo huoza kwanza, na zikishaoza wenye kiti hupigilia ubao au plastiki mahali pake, misumari ikapasua fremu, na njumu ikaanza kubanduka. Kwa hiyo vipimwe viti vyote vilivyobaki katika makumbusho na katika nyumba za watu, ichorwe kila namna ya msuko kabla nyuzi za mwisho hazijakatika, na walipwe vijana wawili watatu wa Lamu wakae na wazee wanaokumbuka jinsi uzi unavyopitishwa kwenye matundu ya fremu.