"Miaka mitatu tu, mama"

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mama mdogo na bintiye kwenye maonesho ya vyuo vya nje, hoteli moja pale Posta. Mnayajua. Viyoyozi vya kugandisha, mabango ya wanafunzi wa rangi zote wanaocheka wakiwa wamekaa kwenye majani, vijana wa suti wanagawa kalamu. Kijana mmoja akamuuliza mdogo wangu anataka kusoma nini. Saikolojia, Uingereza. Kijana akamgeukia mama mdogo, maana ndiye mwenye pochi: "Safi sana. Miaka mitatu tu, mama, binti anarudi mwanasaikolojia kamili."

Maji yakanipalia. Mama mdogo akanitazama juu hadi chini, akauliza kwa sauti iliyosikika meza tatu: "Wewe si ulisoma hiyo hiyo? Mbona uko kwenye mambo ya likizo na mishahara ya watu?"

Haya. Naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe.

Shahada ya kwanza ya saikolojia haimfanyi mtu mtaalamu wa kutibu watu. Ukimaliza kule, na kama kozi yako inatambuliwa na chama chao cha wanasaikolojia, BPS, na ufaulu wako haukuwa wa kuburuza, unakuwa umepata tiketi ya kuingia stendi. Basi lenyewe hujapanda. Basi ni udaktari wa saikolojia tiba, miaka mitatu mingine, na wenyeji wenyewe husota miaka kwenye kazi za usaidizi ndipo waitwe usaili. Nafasi zake nyingi hulipiwa na NHS, huduma ya afya ya serikali yao, na NHS haiwalipii watu wa viza kama yangu. Wewe mgeni unapewa miaka miwili ya kutafuta kazi baada ya kuhitimu, na watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapewa miezi 18. Piga hesabu mwenyewe.

Nimpe kijana haki yake, kwa shingo upande: kisheria hakudanganya. Uingereza, neno mwanasaikolojia likiwa peke yake halina mwenyewe. Yanayolindwa ni yale yenye mkia, mwanasaikolojia tiba, mwanasaikolojia wa ushauri nasaha, na ndugu zao. Kwa hiyo hata yeye na kalamu zake anaweza kwenda London akachapisha kadi, mradi tu asiongeze mkia.

Hela nazipitia mbio. Ada siitaji, wazazi wana presha. Ada ya huduma za afya peke yake ni pauni 776 kwa mwaka, na inalipwa ya miaka yote kabla hujaondoka. Hela ya kujikimu lazima ilale benki siku 28 bila kuguswa. Yangu ilichangwa na mashangazi watatu, ikawekwa ndani kama mwali, kila jioni mtu anapiga simu kuijulia hali. Somo la takwimu nililia. Tuendelee.

Ninalotaka kulisema ni la mwaka wa pili, somo la makuzi ya mtoto. Taa zimepunguzwa, tunaoneshwa filamu ya jaribio la mwanasaikolojia Mary Ainsworth, lile la Hali Ngeni. Mtoto wa mwaka mmoja yuko chumbani na mama yake na midoli. Anaingia mwanamke asiyemjua. Mama anatoka. Mtoto anaangua kilio, mama anarudi, na watafiti nyuma ya kioo wanaandika: huyu mshikamano wake na mama ni imara, huyu anamkwepa, huyu anamng'ang'ania na kumsukuma hapo hapo. Dakika ishirini na kitu, umeshapewa kundi lako.

Nikacheka. Kwetu Tanga mgeni hata hajavua viatu ameshasema "hebu nipe huyo nimbebe", na mpaka adhuhuri mtoto kazunguka nyumba nne. Huyo mngemweka kundi gani?

Mhadhiri akafika kwenye slaidi yenye mstari mmoja: Ainsworth alianzia Uganda. Slaidi iliyofuata, Baltimore, Marekani. Sekunde nne hazikutimia. Uganda! Nimepanda ndege mbili, nimevaa soksi pea mbili, kumbe hadithi ilianzia ng'ambo ya ziwa.

Nikaenda maktaba. Kitabu cha Ainsworth cha mwaka 1967 kilikuwa ghala la chini, wanakotunza visivyoombwa. Miaka ya 1954 na 1955 mama yule alizitembelea familia 26 kwenye vijiji vya karibu na Kampala, kwa muda wa saa mbili kila mara, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi, anaketi na kina mama sebuleni, mkalimani pembeni. Na hapo mjuaji mimi nikaumbuka. Watoto wa Buganda, licha ya wabebaji wao wote, walikuwa wakilia mama akiinuka tu kutoka, na waliwaogopa wageni kweli kweli. (Mgeni mwenyewe alikuwa mzungu, lakini tuyaache hayo.) Watoto wa Baltimore, alipokuja kuwatembelea majumbani mwao, hawakushtuka sana. Mama anatoka chumba hiki anaingia kile, wao na midoli yao. Alichokiona waziwazi Uganda, kule hakikujitokeza vizuri nyumbani, ndipo akabuni kile chumba: awatoe kwao, awaweke mahali pageni, watishike kidogo.

Rudieni kusoma hapo. Kipimo kinachowekwa kwenye kila kitabu cha mwaka wa kwanza kilitungwa ili mtoto wa Baltimore aoneshe alichokionesha mtoto wa Buganda bila kuchokozwa. Mtoto wa Buganda ndiye aliyetangulia, ndiye aliyempa mama yule fikra. Na mimi nimelipishwa ada ya mgeni ili nipewe habari hiyo kwa sekunde nne, kama tangazo la choo kiko upande gani. Mtihani ulipokuja swali lilikuwa Baltimore. Nikaandika Baltimore. Nilipata 64.

Wala si siri kwao. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipekua majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, akachapisha mwaka 2008 kwamba asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Wengi ni wanafunzi wa chuo, na najua wanavyopatikana, kwa sababu mwaka wa kwanza tulitakiwa kukusanya pointi kwa kushiriki majaribio ya kaka na dada zetu wa mwaka wa tatu. Nimebonyeza vitufe nusu saa gizani. Nimezipa alama nyuso za watu nisiowajua. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba binadamu huuona uso wa mwenzake hivi au vile, huenda binadamu mmojawapo ni mimi, na nilikuwa na njaa.

Halafu ile Februari. Jua linazama kabla sijala cha mchana, bibi anaumwa nyumbani, nikaenda kwa mshauri nasaha wa chuo, bure. Akaniuliza ninajisikiaje. Nikatafuta Kiingereza cha "nina mawazo", nikakikosa, nikatafsiri neno kwa neno. Nina mawazo. Akaacha kuandika. Akavuta fomu nyingine kutoka droo, sauti ikashuka, akaniuliza kama nina mpango wowote. Nikamjibu ninao, nataka nirudi nyumbani Juni. Tulitumia dakika kumi kueleweshana kwamba sitaki kufa, nina mawazo tu, kama mama yangu alivyo na mawazo, kama jirani yetu alivyokuwa na mawazo mwaka ule mume alipohamia Mwanza.

Simlaumu, alifanya kama alivyofundishwa, na alikuwa mwema. Lakini mimi nilifundishwa kulekule. Nikirudi na shahada yangu nikae na mama wa Mkinga anayeniambia moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka moto, usiku halali, nitavuta droo ipi? Kwenye mihadhara ya miaka yote mitatu sikufundishwa neno moja la lugha ya mtu mwingine kuhusu maumivu yake. Harare wana mabibi wa mtaani waliopewa mafunzo, wanakaa kwenye mabenchi ya mbao wakiwasikiliza watu wenye kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi kwa Kishona. Mawazo yale yale! Mradi unaitwa Friendship Bench, umeandikwa kwenye majarida ya kisayansi yenye heshima zao. Nilijisomea mwenyewe, usiku, wakati wa kuandika tasnifu.

Mtaniuliza kama najuta. Sijui nijibu vipi, maana kuna kitu nilikipata: mtu akiniambia utafiti umeonesha, namuuliza ni utafiti wa nani, kwa watu wangapi, wa wapi. Ofisini hawalipendi swali hilo.

Pale hotelini nilimwambia mama mdogo amuulize kijana jambo moja, binti akishamaliza hiyo miaka mitatu anaruhusiwa kumtibu nani. Akauliza. Kijana akasema hilo ni swali zuri sana, akaomba namba ya WhatsApp.

Fomu wameshaijaza. Mdogo wangu ni mbishi kama mimi nilivyokuwa. Juzi kanitumia ile barua ya kujieleza nimsahihishie. Sentensi ya kwanza inasema tangu utotoni amependa kusaidia watu. Nimeifuta. Nimemwambia aanze na bibi pale Pongwe, wajukuu saba mkekani, na namna anavyojua bila kugeuka ni yupi anayelia.