Kidonda cha Mguu Hakiponi kwa Unga wa Kapsuli

Katika soko la Kibuye, Kisumu, utamwona mama muuza omena aliyekunja leso hadi magotini ili kidonda kilicho juu ya kifundo cha mguu kipigwe na upepo. Ngozi inayokizunguka imekuwa nyeusi na ngumu, na juu yake umenyunyizwa unga wa kapsuli ya antibayotiki. Majirani hunong'ona kwamba alitegewa dawa njiani akaikanyaga.

Vidonda vingi vya namna hii chanzo chake ni vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Vilango vilivyo ndani yake vinavyozuia damu isirudi chini vikilegea, damu hutuama mguuni, shinikizo hupanda, na ngozi hudhoofika hata mkwaruzo mdogo ukageuka donda ndugu. Unga na spiriti haviondoi shinikizo hilo, na antibayotiki hufaa pale tu kidonda kinapokuwa na maambukizi.

Tiba yenyewe ni kuubana mguu. Bandeji huanzia kwenye shina la vidole na kupanda hadi chini ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, nayo hukaza zaidi kifundoni, kwa shinikizo la takriban milimita 40 za zebaki, kuliko kwenye shavu la mguu. Kabla ya kufunga, ni lazima shinikizo la damu la kifundoni lilinganishwe na la mkononi, kwa kuwa mguu ambao ateri zake, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zimeziba ukibanwa huweza kuoza. Tena huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, ambako selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu zenye umbo la mundu, imeenea, mhudumu asiache kuuliza kuhusu ugonjwa huo, kwani nao huleta vidonda mahali pale pale kifundoni.

Inaniuma kwamba mgonjwa huoshewa kidonda, hubandikwa shashi na kuambiwa arudi keshokutwa, miaka ikapita bila mguu kubanwa hata mara moja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa miongoni mwa wagonjwa waliobanwa bandeji na kuzibwa vena mbovu mapema, nusu walikuwa wamepona kufikia siku ya 56. Kwa waliocheleweshewa uzibaji huo, ilikuwa siku ya 82. Mitambo ya kuziba vena ni ghali. Bandeji, pamoja na muuguzi aliyefundishwa kuifunga, ni mambo ambayo serikali ya kaunti inaweza kuyafikisha katika kila kituo cha afya, na ndiyo ningependa yatangulie katika bajeti, pamoja na soksi za kubana, kwa maana kidonda kikifunga vile vilango huwa bado ni vibovu, na mama akirudi kusimama sokoni bila soksi, kidonda hufumuka upya.