Mateso yamekatazwa na Katiba, lakini Mkataba bado tunauhitaji

Hoja nzito ya wanaoona Tanzania haina haja ya kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso wa 1984 ni kwamba katazo tunalo tayari. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inapiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, wenye katazo hilohilo, tuliuridhia tangu 1976. Ya nini tena mwingine, na ripoti za kupeleka kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia, huko Geneva, kila miaka minne?

Katazo lipo kweli. Lakini Kanuni ya Adhabu haina kosa linaloitwa utesaji. Askari aliyemtesa mahabusu, akishtakiwa, hujibu shtaka la shambulio, sawa na walevi waliopigana kilabuni. Mkataba unaidai kila nchi ilitaje kosa hilo kwenye sheria na kuliwekea adhabu ya uzito wake. Uganda ilitunga sheria hiyo 2012, Kenya 2017.

Linaloniuma zaidi ni suala la kukiri kosa. Sheria ya Ushahidi inataka mtuhumiwa awe amekiri kwa hiari, na akidai alipigwa, mahakama husikiliza kesi ndogo ndani ya kesi. Hapo ni sawa. Ila sheria hiyohiyo inasema kukiri kusikataliwe kwa sababu tu ya kitisho au ahadi, mpaka mahakama ione kwamba jambo hilo lingeweza kumfanya mtu akiri uongo. Ibara ya 15 ya Mkataba haina mlango huo: maneno yaliyopatikana kwa mateso hayatumiki, yawe kweli au uongo, isipokuwa dhidi ya mtesaji mwenyewe. Mpelelezi akilijua hilo, hana anachofaidi kwa kumpiga mtu.

Hoja ya usalama siidharau. Hapa Tanga tunayakumbuka mapambano ya askari na watu wenye silaha kwenye mapango ya Amboni, 2015. Mkataba haukubali mateso hata wakati wa vita, na wapo wanaoona unawafunga askari mikono. Mimi naona anayeteswa husema lolote ili aachwe, na polisi huishia kumkimbiza asiyehusika.

Wengine husema haya ni mambo ya wazungu. Sisi watu wa pwani? Hamsa ishirini ya Mjerumani, yaani viboko ishirini na tano, ilichapwa kwenye migongo ya babu zetu. Tuna haki ya kulisemea jambo hili kuliko wengi.

Inabaki hofu ya kuingiliwa. Ibara ya 28 inairuhusu nchi, inaporidhia, kutokubali uchunguzi wa Kamati ya Mkataba, na malalamiko ya mtu mmoja mmoja hayapokelewi mpaka nchi itamke kuyakubali. Ningependa turidhie bila kubagua ibara. Hata hivyo, kuingia kwa masharti ni afadhali kuliko kubaki nje wakati Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zimo.

Kwa Ibara ya 63 ya Katiba, kuridhia ni kazi ya Bunge. Wabunge wa mkoa wetu waiulize Serikali: azimio la Mkataba huu litaletwa lini?