Sreejesh kashuka golini, India imebaki na nani?

Tarehe 8 Agosti 2024, jijini Paris, India iliifunga Hispania 2-1 na kuchukua shaba ya Olimpiki ya mpira wa magongo. Mechi ilipokwisha, kipa P. R. Sreejesh alipanda akakaa juu ya mtambaa panya, kama mzee aliyekaa kwenye baraza yake. Ilikuwa mechi yake ya 336 na ya mwisho. Alikuwa ametangaza mapema kwamba baada ya Paris anatundika magongo. Shirikisho la India nalo likaistaafisha jezi namba 16 na kumkabidhi timu ya vijana aifundishe.

Wengi walisema kaondoka wakati mwafaka. Alikuwa na miaka 36, ana medali mbili za Olimpiki, na hakungoja kuzomewa. Mrithi naye hakuwa wa kuokotwa njiani: Krishan Pathak alikuwa tayari na mechi zaidi ya mia moja za taifa. Mwezi uliofuata tu, India ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Asia huko Hulunbuir, China. Septemba 2025 ikabeba Kombe la Asia kwa kuichapa Korea Kusini 4-1 mjini Rajgir, na tiketi ya Kombe la Dunia 2026 ikapatikana hapo hapo. Ukiishia hapo utasema pengo limezibwa.

Mimi siishii hapo, kwa sababu Asia ni jambo moja na Ulaya ni jambo jingine. Juni 2025, kwenye ziara ya Ulaya ya Ligi ya Pro, ligi ya mataifa yenye timu bora za magongo, India ilipigwa mechi saba mfululizo na Uholanzi, Argentina, Australia na Ubelgiji. Sita kati ya hizo ilipoteza kwa tofauti ya goli moja tu. Kulaumu kipa peke yake ni uonevu, maana mabeki walipoteza mipira na washambuliaji nao walikosa. Lakini goli moja ndiyo saizi hasa ya kazi ya Sreejesh. Kule Tokyo, kwenye Olimpiki iliyotangulia, India ikiongoza Ujerumani 5-4, zikiwa zimebaki sekunde chache, Wajerumani walipata penalti kona, pigo la adhabu linaloanzia kwenye mstari wa goli. Akaizuia, na India ikapata medali yake ya kwanza ya Olimpiki kwenye magongo tangu 1980.

Halafu kuna kitu ambacho takwimu haziandiki: mdomo wake. Kipa ndiye pekee anayeona uwanja wote mbele yake, na Sreejesh alikuwa akiwapigia mabeki kelele bila kupumzika, nani apande, nani arudi. Robo fainali ya Paris dhidi ya Uingereza, Amit Rohidas alitolewa kwa kadi nyekundu mapema na India ikacheza pungufu kwa zaidi ya dakika 40. Iliishia 1-1, wakaenda kwenye mikwaju, ambapo mshambuliaji ana sekunde nane za kumpita kipa. India ikashinda 4-2. Kuokoa mpira kunafundishika, lakini kuwapanga watu tisa waliochoka hivyo kunataka miaka.

Hiyo miaka, kwenye jukwaa la Olimpiki, Pathak hakupewa. Paris alikuwa kipa wa akiba, akitazama. Nani, lakini, angethubutu kumweka Sreejesh benchi kwenye Olimpiki? Hakuna kocha mwenye akili timamu. Ndiyo maana siwezi kumtwisha mtu lawama: nyota anapodumu hivyo, kivuli chake nacho kinadumu.

Kilichobaki kubishaniwa ni kumpeleka kwa vijana. Wapo wanaoona ni ubadhirifu, kwamba angekaa na Pathak timu ya wakubwa. Hoja hiyo ina uzito, ila naona shirikisho lilifanya sawa, maana bila vijana nyuma hakuna warithi. Tazama Kenya: ilishika nafasi ya nne Kombe la Dunia la kwanza, 1971, ikifungwa 2-1 na India hiyo hiyo kwenye mechi ya kuwania nafasi ya tatu, na haijarudi tena pale juu. Wachezaji wengi wa kizazi kile, Masingasinga wa Nairobi, walihama nchi, na nyuma yao foleni ikawa fupi.

Foleni ya India bado ipo. Desemba 2025, kwenye Kombe la Dunia la vijana huko Tamil Nadu, robo fainali dhidi ya Ubelgiji ilifika tena kwenye mikwaju. Kipa kijana Princedeep Singh akasimama golini, India ikapita, na baadaye ikamaliza na shaba. Sreejesh safari hii alikuwa benchi.